Namna ya Kutoa Vikombe vya Ekseli ya Pedeli Vilivyokwama kwa Kutu Katika Fremu ya Zamani

Ukiipindua fremu ya zamani ya baiskeli na kuona maji ya rangi ya matofali yakichuruzika kutoka kwenye bomba la kiti, umekwisha kujua kwa nini vikombe vya ekseli ya pedeli, zile pete zinazozungushwa na kukazwa pande mbili za fremu kuishikilia ekseli, vinakataa kutoka. Mvua hupenya pembezoni mwa nguzo ya kiti, huteremka na kutuama katika sehemu ya chini kabisa ya fremu, yaani lile bomba fupi lililolala kwa upana ambamo ekseli ya pedeli huzunguka, na humo hukaa kwa miezi na miaka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo hujikandamiza ndani ya hesi, ile michirizi ya mzunguko ambayo mafundi wengi huiita thredi, mpaka kikombe na fremu vinashikana kama kitu kimoja. Pale ambapo kikombe ni cha alumini na fremu ni ya chuma, hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu metali mbili tofauti zilizolowa maji yenye chumvi hufanya kazi kama betri ndogo, na alumini ndiyo huliwa na kuacha unga mweupe mgumu katikati ya nyuzi za hesi.

Hata hivyo, fremu nyingi nilizoona zikitupwa chakavu hazikuwa zimeshindikana kwa sababu ya kutu. Zilikuwa zimeharibiwa na mtu aliyezungusha kikombe upande usio wake, tena kwa zana ambayo haikukaa sawasawa, ikateleza na kusaga kingo zote za kushikia. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia maneno mengi juu ya mambo mawili, yaani upande wa kuzungusha na namna ya kukishika kikombe, kabla haujafika kwenye moto na msumeno.

Kujua upande wa kuzungusha

Simama upande wa mnyororo, utazame kikombe uso kwa uso. Maelekezo yote yanayofuata yanachukulia kwamba unakitazama kikombe kutoka nje, upande ule ule kilipo.

Mfumo ulioenea kuliko yote ni wa Kiingereza. Hesi yake ina kipenyo cha inchi 1.37 na nyuzi 24 kwa kila inchi, na upana wa bomba la ekseli ni milimita 68 au 73. Katika mfumo huu kikombe cha upande wa mnyororo kina hesi ya kushoto, kwa hiyo hulegea kinapozungushwa kufuata mishale ya saa, ilhali kikombe cha upande wa pili kina hesi ya kawaida na hulegea kinyume cha mishale ya saa. Mpango huu una sababu yake: ekseli inapozunguka mbele, gololi hubiringika kati yake na kikombe, na kwa kubiringika huko hukisukuma kikombe kidogo kidogo kuelekea kinyume cha mzunguko wa ekseli. Kama upande wa mnyororo ungekuwa na hesi ya kawaida, kikombe kingejifungua chenyewe barabarani. Waendeshaji wa baiskeli za Kiitalia wanalijua jambo hili vizuri, kwa maana mfumo wao wa milimita 36 na nyuzi 24 kwa inchi, wenye bomba la upana wa milimita 70, hutumia hesi ya kawaida pande zote mbili, na kikombe chao cha kulia hulegea mara kwa mara kisipokazwa kwa nguvu.

Baiskeli za Kifaransa za zamani zina kipenyo cha milimita 35 na hatua ya milimita 1 kati ya uzi na uzi, na pande zote mbili hulegea kinyume cha mishale ya saa. Mfumo wa Uswisi una vipimo hivyo hivyo vya Kifaransa lakini upande wa mnyororo una hesi ya kushoto. Nyingi za baiskeli za zamani za Raleigh zilikuwa na kipimo chao wenyewe cha nyuzi 26 kwa inchi, katika bomba la upana wa milimita 71 au 76, ila mwelekeo wake ni ule ule wa Kiingereza.

Futa uso wa kikombe kwa brashi ya waya na utafute maandishi yaliyochongwa. Ukiona 1.37 x 24 au 36 x 24, shauri limekwisha; 35 x 1 inaweza kuwa ya Kifaransa au ya Uswisi. Maandishi yakiwa yameliwa, pima upana wa bomba. Milimita 70 ni ishara ya Kiitalia, lakini milimita 68 inaweza kuwa ya Kiingereza, ya Kifaransa au ya Uswisi. Hapo usibahatishe. Toa kwanza kikombe cha kushoto, ambacho katika mifumo yote niliyoitaja hulegea kinyume cha mishale ya saa, kisha ulinganishe hesi yake na ya bolti ya krenki, ule mkono unaobeba pedeli. Bolti hiyo, katika ekseli zenye ncha za mraba, kwa kawaida ni ya milimita 8 yenye hatua ya milimita 1. Laza bolti juu ya kikombe, nyuzi ndani ya nyuzi, uinue kuelekea mwangani. Zikikaa sawa bila kuacha mwanya, kikombe ni cha Kifaransa au cha Uswisi. Zikianza vizuri kisha zikaachana kadiri unavyosogea, ni cha Kiingereza, kwa kuwa nyuzi 10 za Kiingereza huchukua takriban milimita 10.6 badala ya 10. Ni jaribio la nusu dakika, nami nimeona likiokoa siku nzima ya kazi.

Kufungua njia

Krenki za ekseli ya mraba hutolewa kwa pula yenye hesi ya milimita 22. Ondoa bolti na washa yake, uhakikishe kwamba hakuna washa iliyobaki ndani, kisha uingize pula kwa mkono mpaka mwisho kabla ya kuanza kukaza fito yake ya katikati. Pula iliyoingia nyuzi tatu tu itang'oa hesi za krenki na kukuachia tatizo la pili kabla hujamaliza la kwanza.

Kama krenki zimeshikwa kwa kotapini, yaani pini inayopita krenki kwa ubavuni na kukazwa kwa nati, legeza nati ya kotapini mpaka ilingane na ncha ya hesi, weka kipande cha bomba la chuma chini ya krenki kikisimama sakafuni ili kipokee pigo, halafu upige mara moja kwa nyundo nzito. Bila nguzo hiyo, kila pigo hupitia kwenye gololi na kuchimba vishimo ndani ya vikombe ambavyo huenda ulitaka kuvitumia tena.

Kwenye ekseli ya vikombe na gololi, upande wa kushoto una pete ya kufungia. Ilegeze kwa spana ya ndoana kinyume cha mishale ya saa, na ikiwa huna spana hiyo, tumia patasi butu na nyundo ukigonga kwenye kijino cha pete kwa mshazari. Kisha toa kikombe kinachorekebishika, ekseli na gololi. Kwa kawaida ni gololi 11 kila upande, za robo inchi, nazo hupenda sana kubiringika chini ya meza, kwa hiyo tandika kitambaa kabla hujaanza. Ukifika hapo, kilichobaki ni kikombe kisichobadilika cha upande wa mnyororo, na aghalabu hicho ndicho chenye ugomvi.

Kulowesha

Mafuta ya kulegeza kutu hayafanyi kazi kwa wingi wake bali kwa muda unaoyapa. Toa nguzo ya kiti, ulaze fremu ubavu, kikombe kilichokwama kikiwa chini, na utie mafuta kutoka ndani ili yatulie kwenye mstari ule ambapo kikombe kinakutana na fremu. Baada ya saa 12 igeuze, utie mafuta kutoka nje kuzunguka ukingo. Rudia zoezi hilo kwa siku tatu au nne. Ekseli ikiwa ya katriji, yaani iliyofungwa pamoja na beringi zake katika gamba moja, na ndani hakufikiki, mimina kupitia bomba la kiti huku fremu imesimama wima, kwa sababu njia iliyopitisha maji ndiyo itakayopitisha mafuta.

Wapo mafundi wanaochanganya mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, nami nimetumia mchanganyiko huo kwa mafanikio, ila hutengana haraka na hutakiwa kutikiswa kila mara, huharibu rangi na plastiki, na mvuke wake hushika moto kwa urahisi sana. Asiyekuwa na sehemu ya wazi yenye hewa nzuri asiuguse.

Kila unapoongeza mafuta, gonga uso wa kikombe kwa nyundo ndogo, mapigo mengi mepesi kuzunguka pande zote. Mtikisiko hupasua kutu na kufungua vijia ambavyo mafuta huvifuata. Wakati mwingine utaona povu dogo la rangi ya kahawia likichomoza ukingoni baada ya kugonga. Hiyo ni dalili njema, kwa maana mafuta yamesukuma hewa kutoka ndani.

Kushika kikombe kisiteleze

Hapa ndipo kazi inaposhinda au kushindwa. Kikombe cha kawaida kisichobadilika kina bapa mbili nyembamba, mara nyingi za milimita 36, na unene wake haufiki hata upana wa kidole. Spana malaya huzishika kwa muda mfupi, kisha hujipanua, huteleza na kuzila. Niliwahi kuweka bomba la mita moja kwenye mpini wa spana ya namna hiyo, nikiwa na haraka na kujiamini kupita kiasi. Ilichomoka ghafla, ikanichubua vifundo vinne vya vidole, na bapa moja ikabaki mviringo. Kikombe hakikuwa kimesogea hata unywele.

Njia ninayoipendelea ni kukitumia kikombe kama kitu kilichosimama na fremu kama mpini. Funga bapa za kikombe ndani ya taya za jiriwa kubwa, au vaisi kama wengi wanavyoiita, iliyofungwa imara kwenye meza nzito, kikombe kikiwa chini na fremu ikilala juu yake kama meza. Kaza taya kadiri uwezavyo. Kisha shika fremu kwenye ncha mbili zilizo mbali na ekseli, kichwa cha fremu kwa mkono mmoja na ncha za nyuma kwa mwingine, uizungushe fremu nzima. Katika mfumo wa Kiingereza, ukitazama kutoka juu, fremu huzungushwa kufuata mishale ya saa. Katika mfumo wa Kiitalia au wa Kifaransa, kinyume chake. Fremu ina urefu wa kukupa nguvu kuliko spana yoyote utakayoinunua, na taya za jiriwa hazipanuki. Vuta kwa mkazo unaoongezeka polepole, halafu sukuma kidogo upande wa kukaza, halafu vuta tena. Kinapoachia hutoa mlio mmoja mkavu, tak, ambao mara ya kwanza humfanya mtu adhani amevunja fremu. Usiwe na hofu. Tazama mstari kati ya kikombe na fremu, na ukiona umesogea, endelea.

Ukikosa jiriwa, au bapa zikiwa zimekwisha kusagika, tumia bolti. Tafuta bolti nene ya milimita 16, nati yake na washa tatu au nne nzito, pana kuliko tundu la kikombe ambamo ekseli ilipita. Ipitishe bolti kwenye tundu hilo kichwa kikiwa nje, na ndani weka washa na nati, ukiishika nati kwa spana kupitia upande wa kushoto uliokwisha kufunguliwa. Kaza mpaka kikombe kibanwe kama ndani ya koleo. Kisha ondoa spana kwenye nati ya ndani na uendelee kuzungusha kichwa cha bolti kufuata mishale ya saa kwa soketi yenye mpini mrefu. Kwa kuwa bolti ina hesi ya kawaida, kila nguvu unayoongeza huzidisha mbano, na kwa kuwa kikombe cha Kiingereza cha upande wa mnyororo hulegea upande huo huo, mbano na mzunguko husaidiana. Ni ujanja mzuri mno, na gharama yake ni ndogo. Katika fremu za Kiitalia na za Kifaransa, ambako kikombe hicho hulegea upande wa pili, ungekuwa unakikaza zaidi. Hapo weka nati mbili zilizofungiana ndani ili bolti isifunguke unapoizungusha kinyume cha mishale ya saa.

Katriji hushikwa kwa zana ya meno 20 inayoingia ndani ya ukingo wake. Meno hayo ni mafupi, na zana isiyofungwa huruka nje kwa pigo la kwanza zito. Kwa hiyo ifunge: pitisha bolti ya krenki ndani ya zana, pamoja na washa pana, uikaze kwenye ekseli mpaka zana ikae bila kucheza. Usiikaze kupita kiasi, kwa sababu kikombe kinapoanza kutoka nje husukuma zana dhidi ya washa, na hapo utalazimika kulegeza bolti kidogo kila baada ya robo mzunguko. Zana ikiwa imefungwa hivyo, iweke nayo ndani ya jiriwa na uzungushe fremu kama nilivyoeleza, au utumie mashine ya kufungulia nati kwa mapigo. Mapigo mafupi ya haraka hupasua kutu vizuri kuliko mvuto wa kudumu, na hayahitaji mpini mrefu.

Tahadhari moja juu ya katriji: kikombe cha kushoto cha aina nyingi ni cha plastiki au alumini laini, na meno yake yanaweza kukatika kama biskuti. Upande huo uloweshe zaidi, na uvute taratibu zaidi.

Moto na baridi

Mbinu za kushika zikishindwa baada ya kulowesha kwa siku kadhaa, ni zamu ya joto. Kwanza futa mafuta yote na asetoni yote, uache sehemu ikauke kabisa, uondoe matambara yaliyolowa karibu nawe, na uweke maji au mchanga pembeni. Joto na mvuke wa asetoni havikutani mara mbili.

Katika fremu ya chuma yenye kikombe cha chuma, pasha bomba la ekseli kutoka nje kwa mashine ya kupulizia hewa ya moto, haraka na kwa kuzunguka, ili bomba litanuke kabla kikombe hakijapata joto. Dondosha tone la maji juu yake. Likichemka na kuruka, joto linatosha kwa jaribio la kwanza, na hapo zungusha mara moja. Rangi itaanza kuharibika muda mrefu kabla chuma hakijaathirika, kwa maana maungio yaliyounganishwa kwa fedha huyeyuka kwenye joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi, na yaliyounganishwa kwa shaba ya njano huhitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo uamuzi ni wako kama unathamini rangi kuliko fremu. Tochi ya gesi hufanya kazi kwa kasi zaidi na huiacha fremu ikihitaji rangi mpya.

Kikombe cha alumini ndani ya fremu ya chuma kina hesabu nyingine. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma kwa kiwango kilekile cha joto, kwa hiyo ukipasha moto vyote viwili, kikombe hujibana zaidi. Usilazimishe kikiwa na moto. Pasha, uache kipoe kabisa, rudia mara tatu au nne, kwani kule kutanuka na kunywea ndiko kunakovunja ule unga mweupe, kisha zungusha kikiwa baridi. Barafu iliyobanwa ndani ya kikombe, au dawa ya kupuliza inayogandisha, husaidia zaidi. Mafuta ya kulegeza yaongezwe pale tu chuma kinaposhikika kwa mkono. Yatavutwa ndani kadiri mwanya unavyopoa.

Fremu ya nyuzi za kaboni isipashwe moto hata kidogo, kwa sababu gundi inayoshikilia nyuzi hizo hulainika. Fremu ya alumini hupata uimara wake kwa kutibiwa kwa joto kiwandani, kwa hiyo joto lake lisizidi sana lile la maji yanayochemka.

Kuna pia wanaotumia sodiamu haidroksidi, ambayo huyeyusha alumini na kukiacha chuma. Ni kweli inafanya kazi kwa kikombe cha alumini ndani ya fremu ya chuma, lakini hutoa gesi ya haidrojeni, huunguza ngozi na kupofusha macho, na hula kila kipande cha alumini kinachoguswa nayo. Mimi huihesabu chini ya msumeno katika orodha ya mambo ya kujaribu, na anayeichagua avae miwani na glavu za mpira na afanye kazi nje.

Kukichoma na kukikata

Kama kikombe ni cha chuma na hakuna mpango wa kukitumia tena, fundi wa kuchomelea anaweza kuunganisha nati kubwa au kipande cha bapa juu ya uso wake. Utapata mahali pa kushika pasipoteleza, na joto la kuchomelea humwagika moja kwa moja katika kikombe. Kiache kipoe kidogo, kisha zungusha. Vikombe vingi vilivyoshinda kila kitu kingine hutoka hapa kwa urahisi wa kushangaza.

Njia ya mwisho ni kukata. Toa ekseli kwanza. Kwa katriji, baada ya kikombe cha kushoto kutoka, mara nyingi ekseli na beringi vinaweza kugongwa nje na kubaki gamba jembamba. Chukua ubapa wa msumeno wa chuma, uufunge kitambaa upande mmoja kuwa mpini, na ukate kutoka ndani ya kikombe kwenda nje, sambamba na ekseli. Kata taratibu, ukipuliza unga na kumulika kwa tochi kila baada ya mikato michache. Unapokaribia mwisho utaona chini ya mfereji vijistari vyembamba vinavyong'aa, vimepangana kwa nafasi sawa: hizo ni ncha za hesi za fremu. Acha hapo hapo. Mkwaruzo mdogo juu ya ncha hizo hauna madhara, lakini mfereji wenye kina ndani ya fremu ni kosa lisilorudishika. Kata mfereji wa pili sentimita moja pembeni, kisha weka patasi nyembamba kwenye ukingo wa kile kipande cha katikati na ukigonge kiingie ndani. Kikitoka, mzunguko wa kikombe umekatika, mbano wake umekwisha, na mabaki hukunjwa kwa koleo na kuzungushwa nje.

Vikombe visivyobadilika vya gololi vimefanywa vigumu sana katika njia ya gololi, na msumeno huteleza juu yake kama juu ya kioo. Hapo hitaji lako ni grainda ndogo yenye kisahani chembamba cha kukatia, miwani ya kulinda macho, na mkono usiotetemeka.

Kabla ya kufunga ekseli mpya

Safisha hesi za fremu kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka ziache kutoa unga. Asiye na tapu, yaani zana ya kukatia hesi, ya kipimo husika anaweza kutengeneza ya muda kutokana na kikombe kizuri cha zamani cha chuma: kata kwa tupa mifereji mitatu ya kuvuka hesi, upake mafuta, ukiingize kwa mkono robo mzunguko mbele na nusu ya hapo nyuma, ukikumbuka mwelekeo wa kila upande. Kikikataa, kitoe na ukisafishe, usikilazimishe. Hesi zikiwa zimeliwa kiasi cha kutoshika tena, ekseli za kujitanua zisizotegemea hesi zinaweza kuirudisha fremu barabarani.

Tazama chini ya bomba la ekseli. Fremu nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea maji, na katika fremu iliyokwama karibu kila mara utakikuta kimezibwa na tope au rangi. Kizibue kwa waya.

Paka grisi nyingi kwenye hesi za fremu na za vikombe. Pale ambapo alumini au titani itagusana na chuma, tumia dawa ya kuzuia kukwama yenye unga wa shaba au alumini badala ya grisi ya kawaida. Anza kila kikombe kwa vidole, angalau mizunguko mitatu, kabla ya kugusa spana. Katriji ya kawaida hukazwa kwa niutoni mita 50 hadi 70. Baada ya safari mbili tatu za kwanza, jaribu tena mkazo wa pande zote mbili na wa bolti za krenki, na kila unapoiosha baiskeli, toa nguzo ya kiti na uipindue fremu kwa dakika chache ili maji yaliyoingia yatoke.